Siwezi kuchora hata kuku, nitafundishaje sanaa?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huu nimepangiwa somo la sanaa na ubunifu darasa la nne: wanafunzi 54, kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Sikusomea sanaa, na kusema kweli kuchora sijui; kuku wangu hufanana na jiwe lenye miguu. Ninachofanya ni kunakili picha ya kitabuni hadi ubaoni, nao wanainakili. Vifaa ni karatasi, penseli na rangi chache za maji. Karibu nusu yao hukaa wakisema "mimi siwezi kuchora", na wachache wenye mkono humaliza kwa dakika kumi, kisha fujo. Mwisho wa muhula natakiwa kutoa alama. Nijinasue vipi?

Jibu: Mwalimu, kwanza tumtoe kuku wako kwenye lawama. Ungekuwa fundi wa kuchora, ukamweka ubaoni kuku ambaye bado kidogo aanze kudonoa chaki, hali ya darasa lako ingekuwa mbaya zaidi. Watoto 54 wangemtazama yule kuku, wakatazama karatasi zao, na wanaosema "siwezi" wangeongezeka. Mkono wako hauna kosa. Kasoro iko kwenye kazi yenyewe: ina jibu moja tu sahihi, na jibu hilo umeshalitoa wewe. Kilichobaki kwa watoto ni kuonyesha nani amekosea kidogo na nani amekosea sana.

Nayasema haya kwa kuwa niliyafanya. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichora samaki ubaoni, kichwa kikielekea kushoto. Nilipokusanya kazi, samaki wote walikuwa wanaelekea kushoto, isipokuwa karatasi moja iliyokuwa na tundu katikati. Mwenyewe alianza samaki wake akielekea kulia, akatazama ubao, akaona "amekosea", akafuta na kufuta mpaka karatasi ikachanika. Kwenye masalia ya mistari niliona magamba aliyoyapanga moja juu ya jingine kama vigae, kitu ambacho samaki wangu hakuwa nacho hata kidogo. Nilikuwa nimemfundisha yule mtoto kwamba upande wa kulia ni kosa.

Jibu langu kwa ufupi, basi: acha kufundisha picha, fundisha kutazama na kuchagua. Hayo yanafundishika, na mwalimu asiyejua kuchora anaweza kuyafundisha vizuri mradi ana maswali mazuri na anajua kuweka masharti. Sasa nieleze kwa urefu, maana ugumu uko kwenye namna ya kufanya.

Anza kwa kumjua mtoto wa umri huo. Mtoto mdogo hachori anachokiona, huchora anachokijua. Mfaransa Georges-Henri Luquet aliliandika hilo mwaka 1927, na kila aliyewahi kufundisha madarasa ya chini amelishuhudia: kuku ambaye yai lake linaonekana tumboni, meza iliyotawanya miguu minne pande zote, mtu aliyechorwa kwa ubavu lakini ana macho mawili. Mwaka 1972 watafiti wawili, Freeman na Janikoun, walilipima jambo hili kwa kikombe. Waliwawekea watoto kikombe kilichogeuzwa ili mkono wake usionekane, huku ua lililochorwa ubavuni likiwa wazi mbele yao. Watoto wadogo walichora mkono wasiouona, na wengi wakaliacha ua wanaloliona. Walipofikia umri wa miaka minane hivi mambo yakageuka: mkono ukaachwa, ua likachorwa.

Watoto wako wa darasa la nne wameuvuka mpaka huo juzi tu. Jicho limeamka, mkono bado umelala. Mtoto wa miaka sita akimaliza farasi wake hufurahi, kwa sababu farasi ana kila kitu: kichwa, mkia, miguu minne. Mtoto wa miaka kumi anaona kwamba miguu ile haikunjiki kama ya farasi wa kweli, na hajui aifanye nini. Akikuambia "siwezi kuchora", usisikie kwamba hana kipaji. Anakuarifu kwamba ameanza kuona tofauti kati ya karatasi na kitu chenyewe, na hiyo ni dalili ya kukua. Viktor Lowenfeld, aliyehama Austria akaenda kufundisha Marekani, aliuita umri huu wa miaka tisa hadi kumi na miwili mapambazuko ya uhalisia. Ni mapambazuko yenye hatari. Asipopata mtu wa kumwonyesha namna ya kutazama, mtoto huweka penseli chini moja kwa moja, na hata akiwa mzee wa miaka sitini ataendelea kuchora kama alivyochora akiwa na kumi. Nashuku, Mwalimu, hata kuku wako alikomea hapo.

Sasa twende darasani. Wiki ya kwanza, chagua kitu ambacho hakuna aliyekariri picha yake. Kuku, nyumba, jua, ua: vitu hivi watoto wana mihuri yake kichwani, na ukiwaambia wavichore wanagonga muhuri tu, macho yao hayana kazi. Kiatu kilichokwisha kuvaliwa hakina muhuri. Kila kimoja kimeliwa kisigino kwa namna yake, kimekunjamana pake. Wavue kimoja, wakiweke juu ya dawati. Viatu vikiwa vichache, kimoja kinatosha watoto wawili.

Dakika tatu za mwanzo hakuna kushika penseli. Unauliza, wao wanatazama. Kisigino kimelika zaidi upande gani? Tundu la mwisho la kamba liko mbali kiasi gani na ukingo? Ngozi imekunjamana wapi, na mikunjo inaelekea wapi? Ukifuata soli kwa kidole kutoka nyuma kwenda mbele, inapanda wapi? Usipokee majibu ya "ni kizuri" au "ni cheusi". Dai vitu ambavyo mtu hawezi kuvijua bila kuangalia.

Kisha watoe penseli. Kazi ya kwanza ni ya dakika tano na ina sharti moja gumu: macho yabaki kwenye kiatu, karatasi isitazamwe kabisa. Jicho lifuate ukingo wa kiatu taratibu, kama sisimizi anayeuzunguka, na penseli itembee kwa mwendo uleule wa jicho. Walimu wa uchoraji wamelitumia zoezi hili kwa muda mrefu. Aliyelieneza sana ni Kimon Nicolaides, mwalimu wa Marekani aliyefariki mwaka 1938. Matokeo yake ni vituko. Soli inaishia pembeni ya karatasi, kamba zinaelea hewani, na darasa zima linacheka. Waache wacheke, kwa sababu mtoto mwenye mkono mzuri naye ametoa kituko sawa na wa jirani yake. Kwa dakika tano hizo hakuna fundi wala asiyejua. Halafu angalia kwa makini mstari mmojammoja: utaona umetetemeka mahali pa haki, pale penye mshono, pale penye kovu la jiwe. Onyesha darasa hiyo sehemu. Sema, "Hapa alikuwa anatazama kweli."

Geuzeni karatasi. Sasa kiatu kilekile, dakika kumi na tano, kutazama karatasi ruksa. Mchoro wa pili karibu kila mara huja na mambo ambayo mtoto hakuwahi kuyaweka kwenye kiatu cha kubuni kichwani. Wewe nawe vua chako, kaa kwenye dawati katikati yao, uchore. Usichore ubaoni. Wakikuona unatazama juu, unatazama chini, unakunja uso, unaanza upya, watakuwa wamejifunza jambo ambalo mchoro safi wa ubaoni hauwezi kuwapa.

Wiki zinazofuata unabadilisha kitu na sharti. Pindua kiti juu ya meza, waambie wasichore kiti. Wachore matundu yaliyo kati ya miguu na mbao zake. Hakuna aliyekariri umbo la tundu, hivyo jicho halina pa kutorokea. Wakimaliza kuyachora matundu yote, kiti kitakuwa kimejitokeza chenyewe katikati, na kwa kawaida kinakaa sawa kuliko ambavyo wangekichora kwa makusudi. Wiki nyingine finyanga karatasi nyeupe iwe kama mwamba, iweke karibu na dirisha, wachore vivuli vyake kwa ngazi tatu tu: weupe wa karatasi ulioachwa wazi, kijivu, na giza. Mkaa unafaa kwa kazi hii kuliko penseli, kwa sababu ubavu wake hujaza eneo kubwa mara moja na kumzuia mtoto asikimbilie vijistari.

Wale wanaomaliza kwa dakika kumi wamekuwa wakimaliza kwa sababu muhuri hauna kazi ndefu. Usimwambie mtoto wa aina hiyo "sasa paka rangi" ili mradi muda uende. Mpe sharti jipya: kiatu hichohicho ukikitazama kutoka juu; kiatu kikubwa mpaka kiguse kingo tatu za karatasi; kiatu kwa mstari mmoja bila kuinua penseli; kiatu kwa mkono usiouzoea. Hilo la mwisho huwashusha wenye mkono mwepesi wakawa wanafunzi tena, na wao wenyewe hulipenda sana.

Kuhusu wingi wa watoto, mimi sioni 54 kama kikwazo cha kuchora. Ni kikwazo cha kugawa na kukusanya. Kipindi cha dakika 40 kinaliwa hapo. Kata karatasi ya A4 vipande vinne kabla ya kuingia. Kipande hicho kinatosha mchoro wa dakika kumi na tano, na mtoto anaweza kukijaza badala ya kuacha kiatu kidogo kimesimama jangwani. Kila safu iwe na watoto wawili wa kugawa na kukusanya, wabadilike kila wiki. Jina na tarehe viandikwe nyuma ya karatasi kabla ya kazi kuanza, maana baada ya kazi hakuna anayekumbuka. Na vifutio vikae kwenye kopo lako wiki nne za mwanzo. Mstari uliokosewa uachwe, mwingine uchorwe pembeni yake. Watalalamika wiki moja.

Rangi nakushauri uzicheleweshe mpaka wiki ya tano au ya sita, na zikija zisije kwa wote. Nusu ya darasa ipake rangi, nusu nyingine ichore kwa penseli, wiki ijayo wabadilishane. Maji yawe kwenye vyombo vifupi na vipana, kwa sababu kikombe kirefu kitaanguka. Usijiulize kama kitaanguka. Rangi nyeusi ifiche muhula mzima. Watoto wakiwa na nyeusi huitumia kutia giza kila kitu, na rangi zao zote hufa siku hiyo.

Somo moja la rangi ambalo sijalichoka ni la kijani. Unawapa njano na bluu peke yake, na kazi ni kutafuta kijani nyingi kadiri wanavyoweza, kila mmoja apake sita kwenye miraba midogo ya karatasi. Waanze na njano, waongeze bluu kwa ncha ya brashi. Wakianza na bluu watamaliza njano yote bila kuona badiliko, kwa kuwa bluu ina nguvu na humeza. Watoto 27 kwa miraba sita unapata kijani 162, na utashangaa jinsi ambavyo mbili zinazolingana kabisa ni shida kuzipata. Kisha kazi ya pamoja: zipangwe ukutani kutoka iliyo karibu na njano mpaka iliyo karibu na bluu. Mabishano yatakayozuka hapo, kwamba huyu akae kabla ya yule, ndiyo somo lenyewe. Wape ruhusa ya kuzibatiza majina.

Somo la zambarau litakuletea malalamiko, na ni vizuri ujue chanzo chake mapema. Mtoto atachanganya nyekundu na bluu kama kitabu kinavyosema, apate tope. Hakukosea. Nyekundu nyingi za kopo zinaelekea kwenye chungwa, maana yake zina tabia ya njano ndani yake. Zikikutana na bluu, rangi tatu za msingi zote zipo kwenye sahani, na zikikutana tatu huzaa kahawia. Nyekundu inayoelekea kwenye waridi hutoa zambarau safi zaidi. Ndiyo sababu wapiga chapa huchanganya majenta (waridi iliyokolea), sayani (bluu inayoelekea kwenye kijani) na njano badala ya nyekundu na bluu za darasani. Usiwaeleze haya kwanza. Waache wapate tope, waulize kwa nini, kisha wape nyekundu ya pili wajaribu.

Na hiyo kahawia iliyopatikana kwa bahati mbaya ifanyie kazi. Waambie kila mmoja atafute rangi ya ngozi ya mgongo wa mkono wake, kwa njano, nyekundu, bluu na nyeupe, ajaribie tone dogo juu ya mkono wenyewe mpaka lipotee. Hakikisha tu ni rangi za watoto zisizo na sumu. Baada ya somo hilo hutamsikia mtu akiomba krayoni ya "rangi ya ngozi", kwa kuwa wameshaona kwamba ngozi si rangi moja hata kwenye mkono mmoja: kiganja kina yake, mgongo una yake.

Udongo wa mfinyanzi nautaja kwa haraka, kwa kuwa hukuutaja, ila ukiupata usiukatae. Uukande vizuri hewa itoke, kuta za chombo zisizidi unene wa kidole, na mahali pa kuunganisha pakwaruzwe na kupakwa uji wa udongo kabla ya kubanwa. Mkono wa kikombe uliobandikwa juu juu utaanguka ukikauka, na mtoto atalia.

Upande wa ubunifu ndio ninaoona walimu wengi wakiuruka, au wakiufanya kuwa mapambo. Mimi hutofautisha hivi: kwenye sanaa mtoto anaweza kuanzia kwake mwenyewe, kwa anachokiona au anachokihisi; kwenye ubunifu wa vitu anaanzia kwa mtu mwingine mwenye shida fulani, na kitu kisipotatua shida hiyo hakijakamilika hata kikipendeza. Kwa hiyo huwezi kufundisha ubunifu bila kujaribu kitu kilichotengenezwa, na huwezi kujaribu bila kurekebisha.

Vifaa haba hapa ni faida. Katika miaka ya 1920 Josef Albers, aliyekuwa akifundisha kozi ya mwanzo katika shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus huko Ujerumani, aliwapa wanafunzi wake magazeti makuukuu na kuwataka watoe kitu kinachoheshimu tabia ya karatasi yenyewe, ikiwezekana bila mkasi wala gundi. Wengine walihangaika kutengeneza ngome na mashua za karatasi. Yeye alivutiwa zaidi na karatasi iliyokunjwa tu ikasimama, kwa sababu gazeti likilala ni legelege, na mkunjo ndio ulioipa karatasi uti wa mgongo. Wale walikuwa watu wazima, lakini zoezi linawafaa watoto wa miaka kumi bila kupunguzwa.

Kwa darasa lako lifanye hivi. Kila kundi la watoto wanne linapata karatasi moja ya A4 na kipande cha gundi ya utepe chenye urefu wa kidole. Sharti: ishikilie vitabu vitatu vya kiada angalau sentimita kumi juu ya dawati, kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Mara ya kwanza wengi watakunja sanduku, nalo litalala. Usiwasaidie. Waulize tu limeanza kukunjika wapi. Mtu atakuja kuviringisha karatasi iwe bomba, mwingine ataikunja mikunjo ya kupanda na kushuka kama feni, na ghafla vitabu vitano vimesimama. Halafu wape karatasi ya pili. Hiyo karatasi ya pili usiiache kwa kisingizio cha uhaba. Bora uwape makundi makubwa zaidi kuliko kuikosa. Mtoto aliyejaribu mara moja amecheza, aliyejaribu mara ya pili baada ya kuona kosa lake ameanza kubuni.

Ukipata nafasi ya wiki tatu, waunganishe na darasa la kwanza. Kila mtoto wako apewe mdogo mmoja wa kumtengenezea kitu cha kuhifadhia penseli. Wiki ya kwanza anaenda kumuuliza: zinaanguka? zinapotea? anaziweka wapi? mkono wake ni mdogo kiasi gani? Kisha anachora mawazo matatu tofauti kabla ya kugusa katoni. Lazima matatu. Wazo la kwanza ni la kila mtu, kopo lenye maua. La pili ni kopo lenye maua mengi zaidi. La tatu ndilo linalomlazimisha afikirie yule mdogo anayekalia dawati lililoinama. Wiki ya pili wanatengeneza kwa makatoni na mabaki. Wiki ya tatu wanampelekea, wanamtazama akikitumia bila kumwelekeza, na wanarudi kurekebisha. Wengine watarudi wamekasirika kwa sababu mdogo amekiona kizuri ila hawezi kukifungua. Hasira hiyo ina thamani kuliko somo lolote utakalowapa kuhusu mahitaji ya mtumiaji.

Tuje kwenye sifa na alama, ambako nina msimamo mkali kidogo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa shule ya awali huko Marekani, wote wakiwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi kabla hawajafuatwa. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti chenye utepe endapo watachora. Kundi la pili walichora, wakashtukizwa na cheti. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala kupewa kitu. Baadaye kalamu zilirudishwa darasani kwa yeyote anayetaka. Walioahidiwa cheti ndio waliozichezea kwa muda mfupi zaidi kuliko wengine. Kuchora kulikuwa kumegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anafanya? Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema aliahidiwa malipo, akaacha kupanda mnazi.

Kwa hiyo nyota, zawadi ya mchoro bora wa wiki, na ukuta wa picha tano zilezile za watoto walewale, viweke kando. Hata neno "nzuri sana" lipunguze. Halimwambii mtoto lolote, na asiyeliambiwa amesikia "mbaya". Taja unachokiona: "Hapa umebonyeza penseli zaidi, kwa nini?" "Kiatu chako kinakaribia kutoka kwenye karatasi, ulitaka hivyo?" Swali la namna hii halihitaji uwe mchoraji. Na usiweke mkono wako juu ya kazi ya mtoto, hata mstari mmoja wa kusaidia. Ukitaka kumwonyesha kitu, chora kwenye kipande kingine, kisha kikunje ukitie mfukoni.

Alama unatakiwa kutoa, basi toa kwa mambo ambayo kila mtoto anaweza kuyafanya akiamua. Katika kumi, mimi hutoa nne kwa kutimiza sharti la kazi: je, alichora matundu kama alivyoambiwa, karatasi ilishika vitabu sentimita kumi? Tatu kwa ushahidi wa kujaribu zaidi ya mara moja, yaani michoro ya awali ipo, mistari iliyoachwa ipo. Tatu kwa sentensi mbili nyuma ya karatasi: nilichagua nini, na kwa nini. Watoto 54 hutaweza kuwasikiliza mmojammoja, ila sentensi mbili unazisoma jioni moja. Kufanana na kitu chenyewe sikupi alama hata moja. Mwenye mkono atapata kumi zake akifanya kazi, na asiye na mkono vilevile, na hilo litajulikana darasani ndani ya wiki tatu. Wala usitoe alama kila wiki. Waache wafanye kazi sita, kila mmoja achague mbili za kusahihishwa. Kuchagua huko nako ni sehemu ya somo.

Mwalimu mkuu au wazazi wakipita wakauliza mbona ukutani kuna viatu vilivyopinda wakati zamani kulikuwa na kuku waliojaa rangi, bandika chini ya kila kazi zile sentensi mbili za mtoto. Mtu mzima akisoma "nilitaka ionekane kisigino kimechoka", hutazama kiatu upya.

Kazi zote zihifadhiwe, hata zile za kuchekesha, kwenye bahasha moja ya kila mtoto au katoni moja ya kila safu. Kipindi cha mwisho cha muhula waambie wavue tena kiatu kimoja, sharti lilelile, dakika zilezile kumi na tano. Wakimaliza, wagawie kiatu cha wiki ya kwanza wakiweke pembeni yake. Hapo utafurahi kwamba tarehe ziliandikwa nyuma, maana wapo watakaokataa katakata kwamba kile cha kwanza walikichora wao.